Unga wa Mwani Katika Maziwa Yetu: Risala ya Wateja wa Utange

Mgeni rasmi, Bwana Gedion Musyoka, Mkurugenzi wa Mradi wa Lishe Bora ya Ng'ombe. Mwenyekiti na wanachama wa Ushirika wa Wafugaji wa Utange. Daktari Lynnette Nafula. Wazee wetu, ambao tunawapa shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Majirani mliotoka Mjambere na Ziwa la Ng'ombe. Mabibi na mabwana.

Mimi naitwa Jumwa Garama, katibu wa Umoja wa Wateja wa Maziwa. Sauti mtakayoisikia ni yangu, lakini maneno ni ya watu mia moja arobaini na saba walioketi nyuma yangu, pamoja na wenzetu ambao saa hii wako kazini bandarini na viwandani. Tuliyaandika kwa siku tatu. Kuna aya tuliyoifuta mara mbili na mara mbili tukairudisha. Mtaitambua tukiifikia.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Utange. Tunajua umetoka mbali na barabara yetu umeiona mwenyewe, hivyo hatutaieleza. Umekuja kutufungulia chumba cha kupoza maziwa na kuzindua awamu ya pili ya mradi wako, itakayofika Likoni na Changamwe. Kwa yote mawili tunakushukuru.

Huenda ukajiuliza kwa nini risala inasomwa na wanywaji wa maziwa na si wafuga ng'ombe. Wafugaji wenyewe ndio waliotuachia nafasi hii. Mwenyekiti wao alituambia, "Nyinyi ndio mliotuadhibu, na nyinyi ndio mliorudi. Semeni nyinyi." Basi tunasema.

SISI NI NANI

Tuko wenyeji wa hapa, tuko na wa bara waliokuja kutafuta riziki wakajenga. Kati yetu kuna mama wa chai na mahamri, makuli, mafundi wa viwandani, walimu wa chekechea, na wazee ambao daktari amewakataza nyama na kuwaachia maziwa.

Zamani tulinunua maziwa ya pakiti. Miaka minne iliyopita nyumba kumi na nne zenye ng'ombe ziliungana zikawa ushirika, na tangu hapo kila mmoja wetu anajua maziwa yake yanatoka kwa nani. Bi Mishi, anayeuza chai pale kwenye kona ya msikiti, husema kwamba maziwa ya hapa yakichemka hutoa utando mtu akaweza kuandika juu yake. Tuliyapenda. Tunasema hivyo mapema ili yatakayofuata yasichukuliwe kwamba ni maneno ya watu wasiopenda.

YALIYOTUFIKA

Mwezi wa Agosti mwaka jana mradi wako ulileta unga. Sasa tunajua ni wa nini, nasi tutaueleza kama tulivyofundishwa, kwa faida ya majirani wasiojua. Ng'ombe anapocheua na kubeua hutoa gesi iitwayo methani. Gesi hiyo hupanda angani na kuzidisha joto la dunia. Unga uliotengenezwa kwa mwani mwekundu ukichanganywa kidogo katika chakula chake, gesi hupungua. Wafugaji waliitwa wakafundishwa siku mbili. Sisi tunaokunywa hatukuitwa. Hatusemi kwamba mlituficha. Tunasema hatukuambiwa.

Oktoba, mwanachama wetu Purity Kafedha alikwenda kwa Mzee Masha Boga kuchukua maziwa ya bintiye Emmaculate. Emmaculate alikuwa na mimba ya miezi sita, na kliniki ilimwambia anywe maziwa kwa wingi. Mlangoni mwa banda Purity akaona gunia. Juu yake palichorwa mkono uliovaa glavu na uso uliofunikwa pua.

Akauliza, "Mzee, hiki ni nini?"

"Unga wa ng'ombe. Umeletwa na mradi."

"Na mbona wa kuvaliwa glavu?"

Mzee Masha akamjibu, "Hilo sikuuliza, mwanangu."

Purity alikiacha chombo chake pale pale, akalipiga picha gunia. Kufikia magharibi picha ile ilikuwa katika simu za nusu ya Utange. Siku ya tatu ilikuwa imeshaota maneno ambayo Purity hakuyasema: kwamba unga unafunga vizazi, kwamba ng'ombe wawili wamekufa wakazikwa kwa siri, kwamba tumefanywa panya wa maabara kwa sababu sisi ni maskini. Hatutajitakasa mbele yako. Mimi niliyesimama hapa niliituma picha ile kwa watu thelathini na wawili, na kwa kila mmoja niliongeza neno.

Bi Mishi alimwaga lita sita mtaroni mbele ya wateja wake. Wengine walirudi kwenye pakiti bila kuaga. Mzee Masha, mwenye miaka sabini na miwili, alibeba mtungi wake nyumba kwa nyumba siku nne mfululizo akarudi nao umejaa, na watu aliowaamkua kila asubuhi wakawa wanaingia ndani wakimwona. Siku ya tano hakutoka.

Jumamosi iliyofuata Daktari Lynnette Nafula, daktari wa mifugo wa mradi wako, alikuja. Tulikuwa tumesikia kwamba ofisi ya mradi inaandaa karatasi za maelezo za kutugawia. Yeye hakungoja karatasi. Alikuja kwa pikipiki mpaka ukumbi wa kanisa, akakuta watu zaidi ya mia mbili, wengi wamesimama. Ni mtu wa Bungoma, lakini aliwaamkia wazee mmoja mmoja safu yote ya mbele, na kila aliyeamkiwa ilimbidi aitikie, hata kama alikuja na hasira.

Sisi tulikuwa tunajua litakalotokea. Tumeshaona maofisa. Hushika glasi, hunywa, hupigwa picha, na jambo huwa limekwisha. Purity alikuwa amekuja na glasi yake tayari imejaa. Akaiweka mezani.

"Kunywa, Daktari, tukuone."

Daktari aliitazama akasema, "Nitakunywa, mama. Lakini nikinywa hapa sitakuwa nimewaambia kitu. Mimi sina mimba, wala sijayanywa kila siku kwa miezi miwili. Niulizeni kwanza."

Tukamuuliza kwa saa mbili na nusu. Bi Mishi alisimama akasema Waislamu wanataka kujua kama ndani ya unga ule kuna cha haramu. Daktari alitoa orodha ya vilivyomo akaisoma yote: mwani, chumvi, pumba za ngano. Akampa aende nayo kwa imamu wake. Kuhusu glavu alisema, "Vumbi lake likiwa kavu linawasha ngozi na pua ya anayelichanganya kila siku. Pilipili kavu pia inawasha macho, na mchuzi wake mnakula. Lakini mngeambiwa hilo kabla ya gunia kufika, si baada."

Ndipo Emmaculate akainuka, mkono mmoja ukiegemea kiti.

"Mimi nimekunywa glasi mbili kila siku," alisema. "Mtoto wangu yuko salama?"

Daktari akasema, "Sijui."

Akaendelea polepole, akimtazama Emmaculate peke yake. "Utafiti niliousoma unasema kipimo kikifuatwa, maziwa hayana tatizo. Lakini mwani una iodini, ile inayotiwa pia kwenye chumvi ya jikoni, nayo ikizidi si nzuri kwa mwenye mimba. Maziwa unayokunywa wewe sijayapima. Nikikuambia leo uko salama nitakuwa nakisia, na juu ya mtoto wako siwezi kukisia."

Mgeni rasmi, sisi tumeambiwa mengi na wakubwa wengi. Tumeambiwa maji yanakuja, tumeambiwa mtaro utazibuliwa, tumeambiwa msiwe na wasiwasi. Neno "sijui" kutoka kwa mtu mwenye cheo, mbele ya watu mia mbili, ilikuwa mara yetu ya kwanza kulisikia. Wapo waliolia siku ile, na si kwa hofu.

Pale pale alitangaza kwamba kesho yake alfajiri atachukua sampuli katika nyumba zote kumi na nne, na zikishachukuliwa, unga usitumike tena hata chembe mpaka majibu yatoke. Aliandika hivyo kwenye karatasi akatia sahihi yake. Akatutaka tuchague wateja wawili tunaowaamini wasiiache sampuli hata hatua moja. Tukamchagua Purity kwa sababu ndiye aliyeanza, nami nikachaguliwa kwa sababu naandika vizuri. Tulizunguka naye tangu kiza hakijaisha, tukatia sahihi juu ya kila chupa, tukapanda treni na sanduku la barafu magotini mpaka maabara ya Nairobi. Njia nzima Purity hakusema na Daktari. Kufika Voi alimpa nusu ya mkate wake.

Majibu yalichukua siku kumi na tisa. Yalipofika, Daktari hakwenda kwanza ofisini wala ukumbini. Alikwenda nyumbani kwa Purity, akakaa mkekani na Emmaculate, akamwambia kwamba nyumba kumi na mbili maziwa yake ni ya kawaida, na nyumba mbili iodini imepita kiwango, na moja kati ya hizo mbili ni kwa Mzee Masha. Asubuhi ile ile alimpeleka hospitali akapimwe tezi ya shingo, na kila alipoitwa kurudi walikwenda wote.

Mchana akaja ukumbini akatusomea matokeo yote. Alianza na yale mabaya. Alipotaja nyumba ya Mzee Masha, mzee mwenyewe akasimama bila kuitwa.

"Kikombe cha kupimia kilinipotea," alisema. "Nikachukua mkebe wa majani chai. Niliona ni dawa, na dawa nikadhani ikizidi ndiyo itafanya kazi. Sikumuuliza mtu. Purity, na wewe Emmaculate, nisameheni."

Purity akasema, "Mzee wangu, waliosikia nikikusema vibaya ni wengi kuliko waliokunywa maziwa yako. Nawe unisamehe."

Januari, Emmaculate alijifungua mtoto wa kike wa kilo tatu na robo. Vipimo vya mama na mtoto vilikuwa vizuri, na wote wawili wako hapa leo, safu ya tatu. Tulitaka kuandika kwamba hilo limethibitisha unga hauna madhara. Daktari alitukataza. Alisema limethibitisha kwamba mama huyu na mtoto huyu ni wazima, basi, na kwamba tusilipeleke mbali kuliko linavyoweza kwenda. Tumeliacha hapo.

TUNAYOJIVUNIA

Baada ya hapo hatukurudi tulikotoka. Umoja huu ulizaliwa wiki ile. Katika kila banda kikombe cha kupimia sasa kimefungwa kwa mnyororo kwenye hori. Kila mwezi wateja wawili huandamana na sampuli, na hata wale wasiojua kusoma wamekwishakwenda zamu. Nyumba tisa zilirudi kwenye unga. Tano zilikataa, na hakuna anayezidharau. Mtungi wa maziwa ya ng'ombe wanaokula unga una kifuniko cha buluu, ule mwingine cheupe, na kila mtu hununua anachotaka bila kuulizwa sababu.

Bi Mishi hununua cha buluu. Tulipomuuliza imekuwaje, alisema, "Wallahi, mwani sikuwa na ugomvi nao hata siku moja. Ugomvi wangu ulikuwa kunyweshwa nisichokijua."

Na lengo la mradi wako, mgeni rasmi, tunaliunga mkono kwa moyo. Joto tunalijua. Tunalala nalo. Visima vyetu vingine vimekuwa vya chumvi, na mvua ikija huja yote kwa siku moja. Kama ng'ombe wa Utange anaweza kupunguza hata kidogo katika mzigo huu, tunataka apunguze. Tunakusifu kwa kulileta jambo hili kwa watu wadogo, kwa sababu wengi wangelipeleka kwenye mashamba makubwa wakatuacha nyuma.

CHANGAMOTO

Magunia bado yanakuja na maandishi ya Kiingereza pekee. Maabara iko mbali, na barafu huyeyuka treni ikichelewa.

Ratiba ya awamu ya pili imebandikwa ukutani hapa ushirikani, na tumeisoma. Kuna siku mbili za kuwafundisha wafugaji wa Likoni na Changamwe, kuna siku ya kugawa unga, kuna siku ya picha. Wanywaji wa maziwa hawamo. Tunaogopa kwamba huko pia kuna Purity mmoja, gunia moja na simu moja, na huenda wasipate wa kuwaambia ukweli.

Sasa tumeifikia ile aya.

Tumesikia kwamba Daktari Nafula amepewa barua ya kuhamishwa kuanzia mwisho wa mwezi huu, akakae makao makuu kuandaa ripoti. Habari hii hatukuipata kwake. Tumesikia pia sababu, kwamba alisimamisha majaribio bila idhini ya ofisi, na hesabu za gesi za wiki tatu zikapotea. Alipojua tunaandika risala alitwambia, "Nishukuruni mkipenda, lakini hilo msiliingize." Mwaka mzima tumemtii kwa kila jambo. Hili limetushinda, na tunamwomba radhi mbele yako, kwa kuwa ameketi pale anatutazama.

Hatukanushi. Ni kweli alisimamisha bila idhini, sote tulimwona akitia sahihi. Ni kweli wiki tatu zilipotea, nasi hatujui thamani yake kwa wataalamu. Tunachokijua ni kwamba siku ile hapakuwa na mtu wa Utange aliyekuwa tayari kunywa maziwa ya ng'ombe wa mradi, na leo nyumba mia tatu zinayanywa. Wewe unakuja kuzindua awamu ya pili kwa sababu ya kwanza haikufa. Ilikaribia kufa, tuliokuwa tunaiua ni sisi, na aliyetushika mkono ni yule pale.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba kila mtaa utakaofikiwa na unga huu, wanaokunywa maziwa na wanaokula nyama waambiwe kabla ng'ombe hajalishwa, na wapewe nafasi ya kuuliza mpaka maswali yaishe.

Pili, gunia liandikwe Kiswahili, na kila mtungi na kila duka lionyeshe kama ng'ombe amekula unga au la. Anayetaka anunue, asiyetaka aachwe.

Tatu, tupatiwe mahali pa kupimia maziwa hapa Mombasa, na wateja waendelee kuandamana na sampuli zao.

Nne, tunaomba Daktari Nafula abaki. Na ikiwezekana, awe yeye atakayekwenda kusimama mbele ya watu wa Likoni na wa Changamwe siku ya kwanza. Tunao watu kumi na wawili waliojitolea kwenda naye wakaeleze yaliyotupata. Mzee Masha ameomba awe wa kwanza kusema.

Kama ofisi imekwisha kukata shauri na haliwezi kubadilika, tunaomba utuambie wewe mwenyewe, hapa, leo, kwa maneno ya wazi na sababu yake. Hatutainuka kwenye viti kwa hasira. Tuliwahi kuambiwa "sijui" juu ya mtoto aliye tumboni, tukakaa na neno hilo siku kumi na tisa. Tunaweza kuambiwa "hapana". Tusiloweza tena ni kutoambiwa.

TAMATI

Mgeni rasmi, mbele yako pana kikombe cha chai. Maziwa yake yamekamuliwa leo asubuhi kwa Mzee Masha Boga. Ng'ombe wake watatu wanakula unga wa mwani, kikombe kimoja cha kipimo kwa kila mmoja kwa siku. Sampuli ya mwisho ilichukuliwa tarehe tano, ikatoka ndani ya kiwango, na karatasi yake iko chini ya kisahani, unaweza kuisoma. Ukipenda chai isiyo na maziwa, iko katika birika la pili, na hapa hakuna atakayekuangalia vibaya. Tumekwambia kabla hujanywa. Sasa ni hiari yako.

Mola akulinde njiani na akurudishe salama kwa watu wako. Awape afya wafugaji na mifugo yao, amkuze mtoto wa Emmaculate, na amlipe kheri kila anayesema kweli inapomgharimu.

Ni sisi,

Umoja wa Wateja wa Maziwa, Utange, Kisauni.
Imesomwa kwa niaba yao na Jumwa Garama, Katibu.